Malaika wa Mbeleko

Siku ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Mzee Ramadhani, fundi mkuu wa kibaraza nilichoanzia pale Same mjini, alinipa ufagio na sumaku, niokote pini. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Idi ilikuwa karibu, kanzu za watoto zimejaa hadi mlangoni. Mchana akaniita.

"Nakijwa, nguo ya sikukuu ya mtoto usiikimbilie na futi. Muulize kwanza mama yake. Kila nyumba na dini yake, na kila nyumba ina lake moyoni."

"Na mama akisema hajui?"

"Anajua. Mpe kiti."

Kutoka hapo nilikwenda Bendera, chini ya Mama Elisante, fundi wa sare za shule. Yeye ndiye aliyenifundisha kushikiza, yaani kushona kwa mkono mishono mirefu ya muda kabla ya kupitisha mashine. Alinifundisha pia kuacha akiba, kitambaa cha ziada ndani ya pindo, ili nguo ifunguliwe mtoto akirefuka. "Mtoto si meza," alikuwa akisema, "hutamkuta alivyokuwa jana."

Halafu nikarudi kwetu Gonja na cherehani yangu mwenyewe. Wasabato niliwashonea nguo safi zisizometameta. Walutheri walikuwa na igizo la Krismasi, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila mama alitaka wake awe malaika. Herode tulimtafuta mtaa mzima, kila mama anasema wangu hapana.

Malaika alishonewa bafta, kile kitambaa cheupe chepesi. Ndicho hicho hicho tunachoshonea sanda.

Mwaka mmoja Mwinjilisti wa mtaa alileta bafta, akasema malaika ni Namsifu, binti wa Mama Nakundwa. Nakundwa alikuwa dada yake Namsifu. Homa ilimchukua akiwa mdogo, lakini jina la mama hubaki kwa mtoto wa kwanza. Sanda yake niliishona mimi.

Nikamwita mama aje na Namsifu, nikampa mama kiti. Akaangalia mezani.

"Hicho kitambaa umeshanishonea mara moja," akasema. "Namsifu hakivai."

"Basi awe mchungaji wa kondoo," Mwinjilisti akasema. "Shuka ipo."

"Mchungaji haongei," Namsifu akajibu. "Anashika fimbo tu. Mimi neno langu nimeshalikariri."

"Litabaki huko huko kichwani," mama yake akasema.

Mtoto hakulia. Alivua futi niliyokuwa nimemwekea shingoni, akanirudishia mkononi.

Nikaweka chaki chini. "Mama Nakundwa, malaika akija nyumbani kwako wewe, ungependa avae nini?"

Alikaa kimya, kisha akainuka akatoka.

"Umemfukuza," Mwinjilisti akaniambia.

"Subiri."

Alirudi na kanga ya njano iliyopauka, mbeleko yake. "Wote wawili wamelala humu mgongoni kwangu," akasema. "Ila usiikate."

Mwinjilisti akajikuna kidevu. "Malaika wa njano? Washarika watacheka."

"Wakicheka, si watakuwa wanamwangalia?" nikamjibu.

Mkasi sikuushika. Nilishikiza tu, mikunjo mabegani, pembe mbili nikazifunga kwenye vifundo vya mikono ziwe mabawa. Siku yenyewe watoto wa mbele walicheka kweli. Namsifu akangoja wanyamaze, akainua mikono, kanga ikafunguka yote, akawaambia wachungaji wasiogope. Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Hapo akaushusha. Ibada ilipokwisha nilifumua nyuzi mlangoni pa kanisa, akaikunja mbeleko yake akaenda nayo.

Siku hizi mavazi yanakuja tayari ndani ya mfuko, mabawa ya plastiki, kofia nyekundu. Silalamiki, watoto wanafurahi. Ninachoomba kwa mnaoshona sasa ni kwamba mama akinyamaza, mngoje. Mimi nimestaafu, tundu la sindano silioni tena.

Desemba iliyopita Mama Nakundwa alipandisha kilima hadi kwangu, amemshika mkono mjukuu, mtoto wa Namsifu. Naye anaitwa Nakundwa. Akaniwekea kifurushi mapajani. Nilikijua kwa vidole kabla sijakifungua. Bafta.

"Safari hii nyeupe," akasema.

Sikumwuliza kitu. Nilimpa mtoto sindano anitungie uzi.

"Na uache akiba ya kutosha," bibi yake akaongeza. "Huyu atakuwa mrefu."