Kifaru cha Mtu Mweusi

Elbert Tolliver, mkulima mweusi wa pamba kutoka jimbo la Georgia, alijiunga na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili apigane. Lakini jeshi la Marekani lilikuwa na ubaguzi: weupe walipewa bunduki, weusi wakapewa majembe, masufuria na malori. Elbert akapelekwa Ufaransa kuendesha lori la petroli.

Asubuhi moja alitumwa kupeleka mafuta kwa vifaru vilivyokwama mbele kabisa, huku Wajerumani wakiipiga barabara kwa mizinga. Alikanyaga mafuta, lori likanguruma. Mabomu yalipasuka kushoto na kulia, wala hakusimama mpaka alipofika.

Mfuniko wa kifaru ukafunguka, akachomoza mtu mweusi tititi.

"Mbona umetoa macho, kaka? Hujaona binadamu?"

"Humo ndani? Sijapata kuona! Bosi wako yuko wapi?"

"Bosi ndiye mimi. Lete petroli, acha kulia!"

Elbert hakuwa amejua kwamba analia. Alibeba madebe mbiombio, akicheka peke yake. Vifaru vilipoondoka kwa kishindo, alipanda juu ya lori akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Wachapeni, ndugu zangu! Wachapeni!"

Kisha akageuza lori, akaenda kuchukua mafuta mengine.