Vidole Vinne Begani mwa Mama

Siku hizi fremu pana za dhahabu hazitakiwi. Binti yangu, aliyejenga Lanet, ameniambia hivyo mara nyingi, nami niliyeunga fremu mjini Nakuru karibu maisha yangu yote najua anasema kweli. Watu wanataka mbao nyembamba nyeusi, au saipresi isiyopakwa rangi, na picha izungukwe na kadi nyeupe pana kama shuka. Hawatundiki tena karibu na dari, picha ikiinama kuwachungulia wageni. Wanazipanga kwa kundi, usawa wa macho. Hayo yote nilikubali. Kadi nyeupe ndiyo iliyotugombanisha.

Binti alikuwa akitayarisha ukuta wa picha za jamaa, kwa kuwa Jumamosi tungekuja kuiombea nyumba yake mpya. Miongoni mwa picha ilikuwa ya mama yangu, kwenye fremu niliyoitengeneza mwenyewe zamani. Alipong'oa misumari ya nyuma, ukanda wa kadi nyeusi ulianguka, na vidole vinne vikaonekana begani mwa nyanya yake.

"Baba, hivi ni vya nani?"

"Vya ndugu yangu."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Nilimkata."

Zamani fremu zilikuja na vipimo vichache, na picha ikizidi, tulipunguza picha. Wateja hawakuuliza. Mzee wa Kihindi aliyenifundisha kazi alikuwa akiniambia, "Mbao ukiiharibu tutanunua nyingine. Picha utanunua wapi?" Nilimsikia vizuri sana. Kisha nikagombana na mdogo wangu juu ya shamba la baba kule Njoro. Yeye alitaka tugawane nusu kwa nusu. Mimi nilitaka lote, eti kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Haki ilikuwa yake. Nilirudi dukani, nikaweka rula juu ya picha, kati yake na mama, nikajiambia kwamba picha imezidi fremu. Kipande chake nilikichoma pamoja na maranda.

Mama alipofariki, picha hiyo ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza. Ndugu yangu aliitazama. Alikumbuka siku ilipopigwa, na mahali aliposimama.

"Hata hapa umeninyima nafasi," akaniambia.

Hatukusemezana tena hadi naye akazikwa. Nilikuwa na miaka ya kutosha ya kumwomba msamaha, na sikutaka. Baadaye niliwarudishia watoto wake nusu yao ya shamba. Hilo lilikuwa rahisi. Lilihitaji karatasi na sahihi, halikuhitaji nimtazame mtu usoni.

"Si nivifute tu?" binti aliniuliza. "Simu inafanya kwa dakika moja. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Basi tufunike na kadi nyeupe. Watoto wake wanakuja, Baba. Unataka waone?"

"Ndiyo."

"Watu watakusema."

"Waache waseme. Nimewahi kusemwa kwa mambo ambayo sikufanya. Hili nimelifanya."

Kuna mtindo mmoja wa kisasa niliokuwa nikiucheka: picha inabanwa katikati ya vioo viwili, hakuna kadi, na ukuta unaonekana pande zote. Niliwaambia wateja kuwa hiyo ni fremu ya fundi aliyeishiwa na mbao. Huo ndio niliouchagua. Niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na ukingo wote uliokatwa ukabaki wazi, hata pale kisu kilipoteleza siku ile. Binti aliitundika kwenye korido ya vyumba vya kulala. Nikaitoa, nikaileta sebuleni, katikati ya zile nyingine. Akaitoa. Nikairudisha. Akachoka yeye.

Jumamosi, baada ya maombi, binti mkubwa wa ndugu yangu alisimama mbele ya ukuta akiwa na sahani mkononi.

"Anko, hivi ni vidole vya baba. Hiki cha mwisho kilikuwa kimepinda hivi hivi."

"Ni vyake. Nilimkata mimi, wakati wa mambo ya shamba. Yeye ndiye alikuwa na haki."

Watu waliacha kutafuna. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Jamani, yaliyopita yamepita."

"Hayajapita," nikamwambia. "Yako hapo ukutani."

Binti yangu alijifunika uso. Binti wa ndugu yangu hakuondoa macho kwenye picha.

"Mbona uliacha vidole?"

"Ningevitoa ningekata bega la mama."

Alinipa sahani nimshikie, kama mtu anavyompa mtoto. Akatoa simu, akasogea karibu na kioo, akapiga picha ya vidole peke yake.

"Hii nitaiwekea fremu," alisema akichukua sahani yake. "Na si wewe utakayeitengeneza."

"Sawa," nikasema. "Lakini usimruhusu fundi apunguze picha. Mwambie atafute fremu inayoitosha."