Jumbe elfu tisa, na samaki wameoza

Leo asubuhi Mama Sifa, muuza samaki, amemwaga friza nzima ya mikebuka.

Juzi fundi wa mtambo wa umeme wa Bendera alituonya kwenye jukwaa letu la mtandaoni: umeme utakatika siku mbili.
Kando ya jina lake, jukwaa lilihesabu alizoandika: ujumbe 1.

Mzee wetu mmoja, Papa Kabamba, jumbe 9,000, akamjibu: "Mugeni, andika kwanza mara mia, kisha utufundishe."

Tukacheka. Ndiyo, hata mimi.

Mama Sifa hakuwatia samaki chumvi. Umeme ukakatika.

"Ule papa iko na jumbe mingi," ameniambia, "nikasema njo yeye mwenye anajua."

Anajua nini? Huandika "Amina" chini ya kila picha. Kama kelele ni elimu, vyura wa mto Lukuga wote ni maprofesa.

Wasimamizi wa jukwaa, futeni hizo namba. Mnaobisha, njooni uani kwa Mama Sifa mvute pumzi.