Herufi Zenye Miguu

Biblia ya Nyogokuru ilinuka moshi na mawese. Huyo ni bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita hivyo kwa Kirundi chake. Aliiweka karibu na jiko, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na ndiyo iliyokuwa kitabu pekee nyumbani kwetu Magamba. Nyogokuru hakukanyaga shule hata siku moja. Alijifunza kusoma kanisani, na kalamu hakuwahi kuishika. Kwa hiyo aliponifundisha herufi, kazi yake ilikuwa kunyooshea kidole na yangu ilikuwa kunakili nilichokiona: i yenye unyayo chini, n yenye miguu miwili, g yenye matumbo mawili kama kibuyu. Sikuruka hata mguu mmoja. "Isiyo na miguu itasimama na nini?" aliniuliza siku nilipojaribu kufanya uvivu.

Darasa la kwanza nikamkuta mwalimu anaandika ubaoni herufi zinazotembea peku. Nilimhurumia, nilidhani ana haraka. Kumbe mwenye shida ni mimi. Kwenye imla wenzangu walifika neno la kumi, mimi bado nazivisha viatu herufi za neno la nne. Mwalimu akasema wazi kwamba mtihani wa mwisho wa mwaka ukinikuta hivyo, nitarudia darasa la kwanza pamoja na wadogo zangu. Nikaenda kumshtakia Nyogokuru.

Kesho yake alikuja shuleni na Biblia kwapani, akaifungua mezani kwa mwalimu.

"Angalia mwenyewe, mwalimu. Na hii nayo imekosea?"

"Bibi, hii imechapwa na mashine. Mashine haichoki. Huyu nampa dakika kumi tu."

Nyogokuru alipitisha kidole juu ya mstari mmoja. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa akaziandika?"

"Hakuna, Bibi."

Ndipo nilipojua kwamba miaka yote aliamini kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa na kalamu akaiandika Biblia yake nzima, na kila Jumapili alikuwa akimwombea. Wakati wa kurudi alisimama kwenye mahindi yetu. "Toa miguu," akasema. "Ufaulu." Nilifaulu. Lakini Jumapili ile maombi yake yalikuwa mafupi, nami nilijuta kumshtakia.

Siku hizi napanga kwa kompyuta kurasa za vitabu vya nyimbo za kwaya na kadi za harusi kwenye steshenari moja ya Shanwe. Herufi zenye miguu nazipata kwa kubofya mara moja, na kitabu kikiwa kirefu nachagua hizo, maana macho hayachoki upesi. Mwaka jana, nikitafuta fonti, yaani aina ya herufi, ya kitabu cha mteja aliyekaa pembeni yangu, nikasoma maelezo ya fonti moja yenye miguu: kabla ya mashine, kuna mtu aliyeketi akazichora herufi hizo kwa mkono, moja moja, pamoja na miguu yake. Nyogokuru tulikuwa tumeshamzika. Nililia pale pale kwenye kiti, huku mteja akidhani nimekifuta kitabu chake.