Kidole cha Muuza Papa

Siku hizi mtu akikuamkia kwa adabu sana sokoni, ujue anataka kitu. Juzi Korogwe nilikuwa nachagua papa mkavu, akatokea bwana mmoja wa mjini mwenye fulana iliyochorwa papa.

"Shikamoo mama," akamwambia muuzaji. "Papa wanaisha baharini. Tunakusanya saini, mataifa yakubaliane wasiuzwe nje ovyo."

"Sijui kusoma."

"Kidole gumba kinatosha." Akafungua kibati cha wino.

Mama akakificha kidole ndani ya khanga. "Mume wangu alitia kidole kwenye karatasi kule shamba la mkonge. Wiki ya pili shamba likapata mwenyewe mpya, yeye akakosa kazi."

"Hii ni ya papa tu, mama."

Mama akainua papa mmoja, akamwonyesha mgongo. Pezi halikuwapo, ilibaki alama ya kisu. "Tangu biashara iwe huria wananifikia hivi. Mapezi yanakwenda wapi?"

"Nje. Wanayanunua matajiri. Hiyo ndiyo biashara tunayotaka idhibitiwe."

"Hao matajiri wameshatia kidole?"

Bwana akautazama wino wake. "Bado."

"Basi anza nao. Mapezi wachukue wao, kidole utake changu?"

Nikacheka mpaka watu wakageuka. Mama hakucheka. "Wewe nimekuona ukisaini karatasi yake pale langoni," akaniambia. "Hebu nisomee, imeandikwaje?"

Niliinama, nikaendelea kuchagua papa.