Mkuyu Ndani ya Ndoo

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kindu, na hakuna somo nililolipenda kama la mtini. Nililieleza polepole. Tini tamu, ile inayotajwa katika Biblia na Kurani, huenda watu wa nchi kavu za mbali waliipanda hata kabla ya ngano. Baadhi ya miti yake ilizaa matunda yasiyo na mbegu ya kuota. Mti wa namna hiyo hauwezi kujizalisha: mtu asipokata tawi na kulichomeka ardhini, ukoo wake unaisha. Basi nyuma ya kila mtini wa shambani kuna mkono wa mtu, na nyuma ya mkono huo, mwingine.

Watoto walielewa upesi. Mkuyu wetu, ambao wazee walipiga gome lake likawa nguo, ni ndugu wa mtini na hupandwa vilevile. Na kwetu, anayeupanda anasema: hapa ni pangu.

Mama alikuwa na mkuyu uani. Baba yake alileta tawi kutoka kijijini, upande wa Pangi. Ushahidi mwingine wa kiwanja hatukuwa nao.

Jumamosi moja ya salongo, kazi ya lazima ya chama, kiongozi wa mtaa alifika na watu wenye mapanga.

"Mama, hii njo pori. Tunasafisha."

"Pori? Si munasema turudilie mambo ya bankambo, ya wazee wetu wa zamani? Huu alipanda nani, Mubeleji?"

Wenye mapanga walicheka. Kiongozi hakucheka. Mkuyu ukaanguka, na kabla ya mvua sisi tulikuwa tumeondolewa kiwanjani, shemeji yake anajenga pale.

Mama alikuwa ameokota tawi moja, akaliweka katika ndoo ya maji chumbani tulikopanga, kwa mfanyabiashara kutoka Kivu. Likatoa majani, kisha mizizi. Akamwomba mwenye nyumba kona nyuma ya choo.

"Mama, panda lengalenga, panda hata ndizi," alijibu kwa heshima. "Lakini ule, hapana. Kesho watoto wako wataniambia uwanja njo yao."

Mama hakubishana, yeye mwenyewe angejibu hivyo. Mizizi ilizunguka ndoo mpaka ikaijaza, ikaanza kuoza. Siku moja nilitoka shule nikakuta ndoo imeoshwa na tawi limekatwa vipande, liko chini ya sufuria ya sombe. Halikuwa limekauka. Lilitoa moshi tu, tukala tumechelewa.