Kinu Ndani ya Bafle

Siku ile nilitoka shambani mgongo unaniuma, sijanawa hata miguu, binti yangu akaniambia nikae nisikilize muziki wake. Eh, Mungu wangu, mtu aliyechoka vile! Lakini alikuwa ananingoja mimi. Jumamosi alitaka kuupiga mbele ya watu, na sauti zilizomo ni zangu: alinirekodi kwa simu nikitwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwetu, Mikelenge. Nikikataa, alisema, ataufuta wote.

Wakati wa vita, sombe tulitwanga siku ya mvua tu. Mama yangu alitazama mawingu, na mabati yakianza kupiga kelele ndipo alituita tushike michi. Maana kinu husikika mbali, na wenye bunduki walipita wakitega masikio: panapotwangwa, njo pa kula, ndipo penye chakula cha kupora. Mvua isiponyesha tulilala njaa, majani yako pale pale kwenye kikapu. Njaa ile sitaki kuisimulia. Hata kuikumbuka kunachosha.

Basi binti akawasha bafle, lile spika lake kubwa. Muziki gani huo, hauna gitaa, hauna mwimbaji? Kinu changu alikikatakata kwenye kompyuta, akakiharakisha mpaka ukadhani ukoo mzima unatwanga huku unagombana; chini yake kitu kinanguruma hadi tumboni mwangu. Na ule mguno wangu wa uchovu ameurudiarudia bila haya. Nikawaza, debe tupu haliachi kuvuma. Halafu mguu wangu, mchovu vile vile, ukaanza kufuata. Muziki ulikuwa mzuri. Ulikuwa na nguvu ambazo mimi sina tena, na nguvu zenyewe zilitoka mikononi mwangu.

Mlio wa kinu ukazidi. Nikajikuta nimesimama, nimefunga mlango na dirisha, jasho linanitoka, nasikilizia barabarani kama kuna anayekuja. Nje jua lilikuwa kali, hapana hata tone la mvua. Binti akaona uso wangu, akazima. Akasema polepole kwamba ameelewa, ataufuta. Kidole chake kilikuwa tayari.

Nilichoka. Nilichoka kuogopa kinu changu mwenyewe miaka yote hii.

"Usifute," nikamwambia. "Weka tena, kwa nguvu. Na ufungue mulango, watu wasikie kama hapa iko chakula."